Mnene, Mwembamba na Mrembo

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Najua hasira hasara, lakini leo acha nipate hasara kidogo.

Kampuni imetuambia sisi mafundi wa nyaya za umeme kwamba mfuko wetu wa akiba ya uzeeni umevunjwa. Kila mtu achague mpya kati ya mitatu kabla ya tarehe thelathini na moja Machi, na asiyechagua atachaguliwa. Wametugawia kijitabu cha kurasa arobaini na nane, chenye picha za wazee wanaocheka meno yote nje. Nina miaka sita juu ya nguzo na sijaona mzee wa kazi yetu anayecheka hivyo.

Majina ya mifuko yenyewe ni marefu, kwa hiyo huku kambini tumeipa yetu. Mnene anatoza ada asilimia mbili nukta moja kila mwaka, faida yake ya wastani ni tisa, na ana bima: mwanachama akifa au akilemaa, watu wake wanalipwa mshahara wa miaka mitatu. Mwembamba anatoza nusu asilimia, faida nane na nusu, bima hana kabisa. Mrembo ndiye anayewapagawisha vijana. Mwaka jana alitoa faida kumi na tano. Ada yake moja nukta sita, na bima yake inalipia jeneza tu.

Wewe ulikuwa mjumbe wa wafanyakazi kiwandani miaka mingi, hesabu hizi unazijua. Nimekuwekea kijitabu ndani ya bahasha. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza kama umemeza dawa ukanijibu kahawa imepanda bei, na kambi nzima ikasikia. Kiwanda kimekula masikio yako, basi tuandikiane.

Mwanao


11 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Kahawa kweli imepanda bei.

Nimechukua penseli. Usiitazame faida kabla hujatoa ada, maana faida ni ahadi na ada ni deni. Mwaka wa njaa wanakula, mwaka wa shibe wanakula. Mnene akileta tisa, anatwaa mbili nukta moja, unabaki na sita nukta tisa. Mwembamba unabaki naye na nane. Utasema tofauti ni ndogo, haifiki hata moja na robo. Sasa kaa chini. Weka mia moja, uiache miaka thelathini. Kwa Mwembamba inakuwa elfu moja na sita. Kwa Mnene inakuwa mia saba na arobaini. Robo nzima ya uzee wako imekwenda kwa watu waliovaa tai, na hakuna aliyevunja mlango.

Mrembo usimguse. Ukurasa wa kumi na tisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi, wameweka miaka yake kumi. Miwili alipata hasara, mitatu alisimama tu. Wamekuonyesha mwaka mmoja aliojipaka poda. Halafu ukitaka kumwacha kuna ada ya kutoka, ukurasa wa ishirini. Mfuko gani huo unaomtoza mtu mlangoni?

Mimi nimeumwa na nyoka, nikiona unyasi nashtuka. Miaka thelathini na moja nilikunja mabati ya matangi na kupiga misumari ya ribiti ndani yake, nikikatwa kila mwezi. Nilipostaafu walinipa kiasi cha kuezeka nyumba na kununua kitanda. Nikauliza hela nyingine iko wapi. Wakasema ada za uendeshaji. Uendeshaji wa nini, mimi mbona sikuona gari?

Chagua Mwembamba. Safu ya bima iruke, usiisome. Ni neno langu la mwisho.

Baba yako


20 Februari

Baba,

Shikamoo. Hesabu zako nimezibandika ukutani, na wenzangu wananakili. Wote wanakushukuru.

Mimi nimechagua Mnene.

Usirushe barua, soma kwanza. Yule mwenzangu tuliyekuwa tukipanda naye, tuliyemwita Mrefu, ameanguka. Ilikuwa tarehe kumi na nne. Nguzo ilikuwa imeoza chini ya udongo ambako jicho halifiki, ikaenda naye. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba. Hakufika hospitali.

Mama yake alikuja kuchukua vitu vyake. Kampuni ililipa jeneza na gari. Mfuko wetu wa zamani haukuwa na bima, tulijiunga nao kwa sababu ulikuwa rahisi, kwa hiyo alipewa akiba ya mwanawe ya miaka minne, viatu, redio, na michango yetu ndani ya kofia ya kazi. Yule mama alihesabu hela pale pale mezani mbele yetu, kwa sababu alikuwa hajui atarudi na nini. Nilitoka nje.

Robo ya uzee wangu naijua, Baba. Lakini uzee lazima kwanza ufike.

Nimekuwekea fomu ya njano. Mama na wewe nimewaandika kama wanaolipwa, na lazima wote wawili mtie sahihi, kila mmoja mbele ya neno mtegemezi. Irudishe mapema.

Mwanao


27 Februari

Binti,

Pole kwa mwenzako. Nimekaa na habari hiyo siku mbili kabla ya kushika kalamu.

Fomu yako hiyo hapo. Mama yako amesaini. Mimi neno mtegemezi nimelikata kwa wino, mistari miwili, na juu yake nimeandika MZAZI. Mtegemezi ni mtu anayekaa kitako akingoja kulishwa. Nyumba hii inakula kwa cherehani ya mama yako na kwa sufuria za watu ninazoziba matundu. Tangu lini mimi nimekuwa mzigo wa mtoto niliyemzaa? Nani amekufundisha kuniandika hivyo kwenye karatasi za ofisi, makarani wapitishe macho?

Sahihi sikuweka. Wakitaka sahihi yangu, waandike mimi ni nani.

Na Mnene nimekukataza. Hela ya ada ni hela ya kuchoma.

Baba yako, ambaye bado anajitegemea


6 Machi

Baba,

Karani wa Mnene ameirudisha fomu na mhuri mwekundu: IMEHARIBIKA. Alinisomea kwa sauti mbele ya foleni, "mzazi", akauliza kama baba yangu ni mwalimu wa lugha. Watu wakacheka. Nimepoteza siku ya kazi, na msimamizi ameikata.

Mtegemezi ni neno la ofisi tu. Halikutukani. Lingeweza kuwa namba. Lakini wewe ukishaamua kuwa umetukanwa, hata salamu ni tusi. Ulikuwa hivyo kiwandani, wakakuita Ribiti, maana ukishaingia hutoki. Mimi nilidhani ni sifa.

Na kwa kuwa unataka tuandike ukweli kwenye fomu, haya, tuandike. Cherehani ya Mama haijashona hata kifungo miaka mitatu sasa. Macho yake hayaoni tundu la sindano. Sukari, sabuni, dawa zako za presha, miwani unayosomea barua hii, vyote vinatoka huku juu ya nguzo, kila tarehe ishirini na nane. Mama anakuambia ni hela ya ushonaji, na kwa kuwa husikii kama mashine inalia au hailii, umeamini. Sufuria zako zinatoa hela ya chumvi.

Kwa hiyo wewe ni mtegemezi wangu, Baba. Sio ofisi iliyosema. Ni mimi.

Fomu nyingine hii hapa. Isaini.

Mwanao


12 Machi

Mwanangu,

Umenivua nguo mbele ya baba yako.

Miaka mitatu nimebeba siri ile kama yai. Kila asubuhi naingia chumba cha cherehani, nafunga mlango, nalala usingizi wangu mpaka saa sita, natoka nikijinyoosha mgongo na kulalamika kuhusu wateja. Nilibuni hadi majina yao. Kuna mteja mmoja mkorofi wa sketi ambaye baba yako alimchukia kabisa. Yote hayo ili mzee ale chakula chake bila kumezea machozi. Wewe ukaandika mstari mmoja, ukabandika stempu.

Sikatai, ulikuwa na hasira. Lakini hasira yako na baba yako zimepishana juu ya kichwa changu, na mimi ndiye ninayeishi humu.

Aliisoma mezani. Akaikunja mara nne. Bora angefoka. Alikwenda bandani kwake, akarudi na rula. Tangu siku hiyo anasoma kile kijitabu cha wazee wanaocheka, kutoka jalada hadi jalada, anaweka rula chini ya kila mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikimpa chai anaipokea bila kuinua kichwa. Fomu iko chini ya kopo la misumari. Hajaigusa.

Umekosea. Ila ulichosema ni kweli, na hela ya mwezi huu imefika. Asante.

Mama yako


14 Machi

Kwa binti yangu,

Hii si barua ya mambo ya nyumbani. Mambo ya nyumbani yatakuwa na siku yake.

Nimechana ukurasa wa arobaini na moja, uko ndani. Soma sehemu ya chini, mahali nilipopiga mstari: "Fidia ya kifo au ulemavu haitalipwa endapo tukio limempata mwanachama akiwa katika kazi yoyote inayofanyika kwenye kimo kinachozidi mita tatu kutoka ardhini."

Nguzo zako zina mita ngapi? Uliniambia tisa. Kwa hiyo Mnene atakukata ada ya bima kila mwezi kwa miaka thelathini, na siku ukianguka kutoka mita ya nne, hakujui. Ukianguka kutoka kitandani atalipa. Ukiteleza jikoni atalipa. Wameuza mwavuli unaofunguka kiangazi, na wameuuzia mafundi wa nguzo, wakijua fika ni mafundi wa nguzo, maana jina la kampuni yenu limechapwa kwenye jalada.

Aliyeandika mstari huu alikuwa na akili timamu, alikaa kwenye kiti, alikunywa chai. Nilikuwa mjumbe wa wafanyakazi miaka kumi na miwili na nimeona wezi wa kila aina, lakini huyu amenifanya nisimame katikati ya banda nikitukana peke yangu. Mama yako anasema sauti ilifika barabarani. Mimi sikuisikia.

Usisaini chochote. Waonyeshe wenzako ukurasa huu wote, hata wale usiowapenda. Usiende ofisini peke yako. Mtu mmoja ni malalamiko, watu ishirini ni mkutano.

Baba yako


26 Machi

Baba,

Shikamoo.

Tulikwenda kumi na tisa, na nguo za kazi, na mikanda ya kupandia kiunoni, vyuma vikigongana. Karani yule yule. Nilimwekea ukurasa wako mezani, nikamwomba asome kwa sauti kama alivyosoma siku ile. Alisoma hadi neno "kimo", akaishia hapo. Akasema, "Lakini dada, mbona imo kwenye kijitabu, mlipewa." Nikamuuliza kama yeye alikisoma. Akasema hapana.

Meneja akatoka. Alituita "ndugu zangu" mara saba, nilihesabu. Alisema kifungu hicho ni cha kawaida. Fundi mkongwe wetu, ambaye haongei hata akigongwa kidole kwa nyundo, alimuuliza: "Kawaida kwa nani?" Meneja akasema atalipeleka suala juu. Mkongwe akamwambia juu tunakwenda sisi kila siku, na huko hakuna bima.

Kifungu hakikufutwa. Sitaki kukudanganya kwamba tulishinda. Mrefu angekuwa kwa Mnene, mama yake angerudi na redio ile ile, tena pamoja na kijitabu. Hilo nimelibeba tangu siku uliyonitumia ukurasa. Niliitetea safu ya bima kwa jina la Mrefu, na mimi sikuisoma. Wewe uliyenikataza nisiisome ndiye uliyeisoma.

Kumi na tisa wote tumejiandikisha kwa Mwembamba. Halafu tumetafuta bima ya pembeni, ya kikundi. Kampuni mbili zilitukataa zilipoona kazi yetu. Ya tatu imekubali, na imeandika kwa mkono wake: "pamoja na kazi za juu ya nguzo, kimo chochote". Mkongwe alisoma kila ukurasa kwa rula, nimewasimulia yako. Bei yake jumlisha ada ya Mwembamba ni pungufu kidogo ya ada ya Mnene peke yake. Tulikuwa tunatozwa zaidi kwa kitu ambacho hakikuwepo.

Fomu yao ni nyeupe safari hii. Wameandika mtegemezi vile vile. Niliwaomba waweke mzazi, wakasema kompyuta haikubali. Bima haianzi mpaka wewe na Mama mtie sahihi, na kila siku isiyoanza mimi napanda hivi hivi.

Yale ya cherehani niliyaandika kwa hasira. Ni ya kweli, lakini hayakuwa yangu kuyasema. Nisamehe. Na kama neno lile linakuchoma kiasi hicho, sema nimwandike Mama peke yake. Nitaumia, lakini nitafanya.

Mwanao


5 Aprili

Binti yangu, mama yangu,

Marahaba, pamoja na zote nilizokunyima.

Kuhusu cherehani, nilijua. Nimeishi na mashine maisha yangu yote. Mashine inayoshona hula mafuta, na chupa ya mafuta niliyomnunulia mama yako mwaka juzi imejaa mpaka shingoni. Kwa hilo masikio hayahitajiki. Nilinyamaza kwa sababu yeye alifunga mlango vizuri, nami nikala vizuri, na nyumba ilikuwa na amani. Nimemwambia juzi. Alinirushia mto, kisha akaniuliza kama basi nilijua pia kwamba mteja wa sketi hayupo. Huyo nilidhani yupo. Nimebaki na chuki isiyo na mwenyewe.

Kwa hiyo ondoa wazo kwamba nililikata neno kwa kiburi cha mtu asiyejua anakula cha nani. Mimi ni mtegemezi wako. Sikuona haya kula chako, nitaona haya kuliandika neno?

Tazama fomu yako vizuri, ile ya njano na hii nyeupe. Chini ya hilo neno kuna mstari mwingine, na ukijaza kama ulivyozoea kujaza karatasi hutauona: "Atalipwa kiasi kifuatacho mwanachama akifariki." Na kiasi wamekiandika, kwa tarakimu na kwa maneno, ili nisije nikakosea. Unanitaka nitie sahihi pembeni ya bei yako. Wiki ile ile uliyoniambia umeshika kamba mtu akaenda na nguzo, unanitumia karatasi inayosema nitapata mishahara ya miaka mitatu siku hiyo ikiwa yako, na unaniomba niharakishe. Mimi kazi yangu ilikuwa kuziba matundu. Tundu hili sikujua nilizibe kwa kitu gani.

Nikakasirikia ada, kwa sababu ada ina mwenyewe wa kukasirikiwa. Nikakasirikia neno, kwa sababu neno linakatika kwa kalamu. Nilikuambia uruke safu ya bima kwa sababu mimi mwenyewe nilishindwa kuitazama, sio kwa sababu ya hesabu. Hesabu nilizileta zinifiche tu. Halafu nikajua kwamba wale watu hata hiyo bei waliandika kwa uongo, nikaona afadhali, sasa ninaye wa kumtukana.

Lakini usiku na mchana ni hayo hayo. Wewe utapanda nikisaini, utapanda nisiposaini. Yule mama aliyehesabu hela mezani mbele yenu hakuulizwa kama anataka.

Nimesaini. Neno sijalikata. Sahihi imekaa vibaya, wakiikataa nitakuja mwenyewe na basi la asubuhi niwasainie mbele yao. Na kuanzia mwezi huu hela ya tarehe ishirini na nane itume kwa jina langu, nitaipokea dirishani mchana kweupe, mama yako apumzike na wateja wake.

Sasa nisikilize, wewe unayesikia. Kila nguzo, kabla ya kupanda, chimba udongo kidogo kwenye shina lake na uigonge kwa nyundo pande zote nne. Ikilia kavu, panda. Ikilia kama tumbo tupu, usipande, hata msimamizi akuandikie barua ya kufukuzwa, uniletee hiyo barua niisome kwa rula. Sahihi wameipata. Hela yao sijaikubali. Ole wako unifanye nilipwe.

Baba yako